Kanyenye Mbili na Kahama Tatu

Katika daftari la kata za wilaya ya Nzega, ambamo Lusu imo pamoja na Puge, Nkiniziwa, Mambali na Bukene, lipo jina moja ambalo halikuridhika kusimama peke yake: Kahama Nhalanga. Mgeni asiyezijua nchi hizi hulipita bila ya kulitupia jicho la pili, lakini mwenyeji hulielewa papo hapo, kwa kuwa Kahama mashuhuri, ile yenye manispaa, mpunga na dhahabu, iko mkoani Shinyanga, na Kahama ya tatu ni kata katika wilaya ya Ilemela, huko Mwanza. Jina la kwanza halikufutwa wala halikubadilishwa. Limetiwa ubavuni jina la pili, kama mtu anavyotajwa kwa jina la babaye ili asichanganywe na wajina wake. Katika daftari lile lile iko pia Milambo Itobo, nayo imetendewa vivyo hivyo.

Suala la mahali pawili au zaidi kushiriki jina moja limewashughulisha wanajiografia wa kila taifa, na pengine hakuna palipo na kazi kubwa zaidi kuliko Urusi, nchi ambayo upana wake umeziruhusu Ivanovka na Aleksandrovka kuzaliana jimbo baada ya jimbo, hata kutaja kijiji bila ya kutaja wilaya yake ni sawa na kutotaja kitu. Kusini mwa milima ya Ural, katika jimbo la Chelyabinsk, viko vijiji viitwavyo Parizh, Berlin, Leyptsig, Varna na Fershampenuaz. Msomaji angeliweza kudhani kuwa Wafaransa na Wajerumani walihamia huko zamani wakajenga maskani yao. Wala, hivyo vilikuwa vituo vya Wakosaki vya miaka ya 1840, na wakubwa wa kijeshi wa Orenburg ndio waliovipa majina ya mahali jeshi la Urusi lilipopata ushindi au lilipopita kwa fahari, ikiwemo Paris yenyewe, iliyoingiwa mwaka 1814. Siku hizi Parizh hiyo ya Ural ina mnara wa simu uliojengwa kwa umbo la ule wa Eiffel, na hivyo mzaha wa historia umetimia.

Mfano wa pili wa huko huko una mafunzo zaidi. Urusi ina Rostov mbili: moja ya kale, kaskazini ya Moskva, iliyotajwa katika habari za mwaka 862, na nyingine kubwa kwenye mto Don, iliyoanzia kituo cha forodha cha mwaka 1749. Ni rahisi kusema kuwa watu wa Rostov ya kale ndio walioijenga ile changa. Lakini haikuwa hivyo: ngome iliyojengwa kando ya kituo kile iliitwa kwa jina la Mtakatifu Dimitri, aliyekuwa askofu mkuu wa Rostov ya kale, na jina la mtakatifu ndilo lililobeba jina la mji, ilhali watu wa mji wenyewe hawakujongea.

Nimeitanguliza mifano hiyo ya mbali kwa sababu ya kosa moja lililoenea katika maandishi ya historia ya kwetu, na hasa katika historia za koo na makabila zinazoandikwa na watu wenye nia njema. Mwandishi huona jina la kijiji chake limetajwa mahali pengine, mwendo wa siku nyingi kutoka kwake, na kabla hajauliza swali la pili huchora mshale katika ramani: wazee wetu walitoka kule wakaja huku. Kufanana kwa majina ni dai, na kila dai hutaka ushahidi. Na ushahidi wa jina hutafutwa nje ya jina lenyewe, katika lugha, katika miiko ya ukoo, katika alama za utawala, katika miti iliyopandwa, na katika shajara za waliopita wakaandika siku ile ile. Pasipo mashahidi hao jina ni sauti tu, na sauti chache za lugha zetu hazikosi kukutana.

Ichukuliwe Tura. Hiki kilikuwa kituo cha faraja kubwa katika njia ya misafara, kwa kuwa msafara uliotoka Bagamoyo, ukapita Mpwapwa, ukalipa hongo, yaani ushuru wa njia, Ugogo, kisha ukaivuka nyika ya Mgunda Mkali yenye kiu na njaa, ulifika Tura ukakutana kwa mara ya kwanza na mashamba ya Unyamwezi na chakula cha kununua. Tura hiyo ingalipo, ni kata ya wilaya ya Uyui. Basi iko Tura nyingine katika misitu ya Siberia, ambayo ni makao makuu ya nchi ya Waevenki. Uko pia mto Tura upande wa magharibi wa Siberia hiyo hiyo. Iko Tura katika vilima vya Meghalaya, India. Na Tura ya Misri, karibu na Kairo, ilitoa mawe meupe ya mapiramidi. Hakuna mwenye akili atakayesema kuwa mpagazi wa Kinyamwezi aliliacha jina lake kwa Waevenki. Hapa umbali umetuokoa na upuuzi. Hatari imo pale ambapo umbali ni mdogo na njia inajulikana, kwa sababu hapo dhana huvaa nguo za ukweli.

Nayo Kanyenye iko hapo. Katika Ugogo, Kanyenye ilikuwa mojawapo ya nchi ambazo misafara iliziogopa kwa ukali wa hongo. Msafiri Burton aliyepita mwaka 1857 na mwenzake Stanley aliyepita mwaka 1871 wote wawili walimkuta mtemi wake, Magomba, na wote wawili wakatoa nguo na shanga kuliko walivyotaka. Tabora mjini nako kuna Kanyenye, nayo ni kata miongoni mwa kata za manispaa. Mahali pawili hapo pamefungwa na njia moja, na makundi kwa makundi ya watu yalipita katika zote mbili kila mwaka wakati wa kiangazi. Ni nani asiyevutwa kuunganisha? Hata hivyo njia ni daraja tu, na daraja si ushahidi kwamba mtu fulani alilivuka akiwa na mzigo fulani. Anayetaka kutuaminisha kuwa Kanyenye ya Tabora ni binti wa Kanyenye ya Ugogo atuletee kaya za Kigogo zilizokaa mtaani hapo, au ukoo unaosimulia safari hiyo, au hati ya zamani inayowataja, akituletea tutamshukuru.

Tofauti na hayo ni yale majina ambayo hayakusafiri hata kidogo, bali yalizaliwa upya kila mahali kwa kuwa kitu kinachoitwa kilikuwepo kila mahali. Mtemi wa Kinyamwezi alikuwa na makao yake, na makao hayo, popote yalipokuwa, yalikuwa ikulu. Anayekwenda huko anakwenda Kwikulu, au Kwikuru kama wageni walivyoandika. Watemi walikuwa wengi, wengine wakitawala vijiji vichache tu, na haikuwa ajabu mtemi mpya kujenga ikulu mpya na kuiacha ya marehemu irudi kuwa pori. Hivyo Kwikuru zilienea katika nchi na katika ramani za wageni, nazo hazina udugu wowote ila udugu wa cheo. Kwikuru ya Unyanyembe, jirani ya Kwihara ambako Livingstone alikaa baada ya Stanley kuondoka mwezi wa Machi 1872 mpaka alipofunga safari yake ya mwisho mwezi wa Agosti, ndiyo iliyopata umaarufu wa huzuni, kwa kuwa hapo mtemi Isike, alipoona Wajerumani wamekwisha ivunja ngome yake mwezi wa Januari 1893, alijilipua kwa baruti kuliko kujitia mikononi mwao. Taifa lilipojitawala lililichukua neno lile lile likaliweka juu ya nyumba ya mkuu wa nchi, na leo wako wasemao Ikulu kila siku wasijue kuwa wanatumia mali ya Unyamwezi.

Sasa tufike penye ushahidi uliotimia, maana isidhaniwe kuwa mimi ni mtu wa kukanusha tu. Magharibi ya Unyanyembe ilikuwapo nchi ya Kinyamwezi iliyotajwa na wasafiri wa karne ya kumi na tisa kwa jina la Ugaraganza, na watu wake Wagaraganza, waliosifika kwa biashara ya masafa marefu. Kutoka pande hizo za magharibi, kijana Ngelengwa, mwana wa Kalasa ambaye naye alikuwa mfanya biashara ya shaba, alikwenda Katanga, akakaa kwa watemi wa huko akiwauzia bunduki na kuwasaidia vitani, mpaka wenyeji wakajikuta mgeni wao amekuwa bwana wao. Dunia ilimjua kwa jina la Msiri. Makao yake yalikuwa Bunkeya, na dola yake ikaitwa Garenganze. Na mmisionari Frederick Arnot, aliyefika huko mwaka 1886, alikiita kitabu chake kwa jina hilo hilo mwaka 1889.

Hapa jina halikuja peke yake kama mtoto yatima. Lilikuja na watu, ambao mpaka leo wanaitwa Wayeke na wana mtemi wao Bunkeya. Lilikuja na lugha ambayo Mnyamwezi au Msumbwa huitambua. Lilikuja na madaraja ya utawala. Na lilikuja na alama ya utemi iliyo rahisi kuonyeshwa kidole, yaani kisahani cha duara kilichokatwa katika ganda la konokono wa baharini, ambacho watemi wa Unyamwezi walikivaa na ambacho Msiri aliwavika machifu wake aliowakubali. Tafakari safari ya kitu hicho: kimeokotwa katika Bahari ya Hindi, kikapandishwa hadi Tabora katika mzigo wa mpagazi, kikavukishwa mpaka Katanga, na kila kilipofika kimeeleza habari ile ile, kwamba aliyekivaa ana haki ya kuamrisha. Jina likifuatana na kitu kama hicho mwanahistoria anaweza kuuchora mshale wake bila ya kutetemeka mkono. Msiri aliuawa tarehe 20 Desemba 1891 na watu wa msafara wa Kapteni Stairs, uliotumwa na Mfalme Leopold wa Ubelgiji, na Garenganze ikafutwa katika ramani ya dola. Ila Wayeke hawakufutika.

Majina yalikwenda upande wa pili pia, kuelekea baharini, na safari hiyo haikuwa ya ushindi. Manyema ni nchi ya mashariki ya Kongo, sasa jimbo la Maniema lenye mji mkuu Kindu. Wafanya biashara wa pembe na watumwa waliiingia kwa nguvu tangu miaka ya 1860, na watu wake, wengine mateka, wengine wapagazi na askari wa mabwana hao, wakatawanyika Ujiji, Tabora, Bagamoyo na Unguja. Katika Dar es Salaam jina lao liko juu ya msikiti, Msikiti wa Manyema, mtaani Kariakoo. Hapa jina si la mahali palipoanzishwa kwa hamu ya nyumbani. Ni jina ambalo wengine waliwaitia, nao wakalishika wakalifanya la jamaa, ingawa huko kwao walikuwa makabila mengi yenye lugha mbalimbali. Yaani jina la nchi lilipata umoja ughaibuni ambao halikuwa nao nchini mwake, jambo ambalo halikuwapata Wamanyema peke yao.

Mji wa Tabora wenyewe ni sanduku la majina ya namna hii, na inafaa kulifungua taratibu. Burton na Speke walipofika tarehe 7 Novemba 1857 waliuita Kazeh, wengine waliuita Unyanyembe kwa jina la utemi wote, na mwisho Tabora ikashinda. Ukiusoma mji huu kata kwa kata utakutana na Ng'ambo, Gongoni, Mtendeni na Kidongo Chekundu, na mtu wa Unguja au wa Dar es Salaam atadhani anasomewa mitaa ya kwao. Ng'ambo ya Unguja ilikuwa upande wa pili wa hori lililoutenga Mji Mkongwe na wanyonge wake. Kidongo Chekundu kiko Unguja na Dar es Salaam. Gongoni iko hata pwani ya Kenya, kaskazini ya Malindi. Je, yalisafiri hayo au yalizaliwa mara mbili? Udongo mwekundu hauhitaji kuletwa na mtu, kwa hiyo Kidongo Chekundu napenda kukiacha huru. Mtendeni nakushuku zaidi, kwa maana mkindu huota wenyewe mabondeni lakini mtende hupandwa na aliyezoea kula tende, na wenye mazoea hayo Tabora walikuwa Waarabu wa Omani na Unguja na jamaa zao waliojenga hapo tangu nusu ya kwanza ya karne ya kumi na tisa. Mti ni shahidi mwema kuliko jina. Vile vile ni lugha: ikiwa moyoni mwa Unyamwezi mitaa imeitwa kwa Kiswahili cha pwani, basi walioiita walisema Kiswahili cha pwani, na hilo peke yake ni habari, hata kama hatuwezi kumtaja aliyetangulia kusema.

Tambukareli ni jambo jingine kabisa, nalo linanifurahisha kwa uwazi wake. Iko Tambukareli Tabora, na iko Tambukareli Dodoma. Reli ya Kati ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, na popote ilipoukata mji kulikuwa na upande wa boma, stesheni na maduka, na upande wa watu walioambiwa watambuke reli ndipo wafike kwao. Jina hilo halikutoka Dodoma kuja Tabora wala Tabora kwenda Dodoma. Lilikuja na mataruma ya chuma, na kila ambako hali ilikuwa ile ile ulimi ulitamka yale yale. Hili ndilo nililolisema juu ya Kwikuru, ila mara hii badala ya utemi iliyozaa majina ni injini ya mvuke.

Vita navyo vilizaa. Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi zote ni kumbukumbu za jeshi la wapagazi la Waingereza katika vita vya 1914 mpaka 1918, jeshi ambalo lilikula wanaume wengi zaidi kwa maradhi na njaa kuliko kwa risasi. Na kama vile Paris ilivyokwenda Ural, Tabora nayo ilikwenda Ulaya: majeshi ya Kongo ya Wabelgiji chini ya Jenerali Tombeur yaliuteka mji tarehe 19 Septemba 1916, na katikati ya Brussels, si mbali na jumba la soko la hisa, mna mtaa unaoitwa Tabora mpaka leo, na jenerali mwenyewe alitunukiwa ubaroni wenye jina la Tabora. Askari na wapagazi wa Kiafrika walioupigania ushindi huo hawakupewa hata kichochoro.

Baada ya uhuru mwenye kuita amekuwa ofisi, na ofisi ina mapenzi ya kurudia. Katika wilaya ya Urambo, nchi iliyopata jina lake kwa mtemi Mirambo aliyefariki mwezi wa Desemba 1884, kuna kata ziitwazo Muungano, Songambele, Vumilia na Ukondamoyo. Songambele nyingine iko Kongwa, na Muungano, Azimio na Mapinduzi hazina hesabu nchini. Vijiji vilipokusanywa katika miaka ya 1970 na kuandikishwa kwa sheria ya mwaka 1975, katibu mwenye fomu mbele yake alihitaji jina siku hiyo hiyo, na jina la siasa lilikuwa karibu, halina mgomvi, wala halipendelei ukoo mmoja juu ya mwingine. Sitamlaumu sana, kijiji kilichokusanya watu wa miji mitano kingeitwaje kwa jina la mmoja wao? Ila mwanahistoria wa karne ijayo asije akachora mshale kutoka Songambele ya Kongwa kwenda Songambele ya Urambo.

Serikali imeleta dawa mbili za kutenganisha majina pacha. Ya kwanza ni ya tarakimu: kila kata ina postikodi ya tarakimu tano, na kazi ya anwani za makazi iliyofanyika nchini mwaka 2022, kabla ya sensa ya Agosti, ilibandika nambari milangoni. Hii ni dawa nzuri kwa mleta mizigo, nami siidharau, lakini hakuna atakayemwambia mkwewe kwamba ametoka nambari fulani. Ya pili ni ile ya kugawa kijiji au mtaa na kuviita A na B, au Mashariki na Magharibi, dawa ambayo naiona ni uvivu uliopigwa muhuri.

Kahama Nhalanga inaonyesha njia ya tatu, ambayo ni ya wenyeji na imekwisha jaribiwa, na ziko kata nyingine za Nzega zinazoihitaji. Mbogwe ni kata ya Nzega, lakini tangu mwaka 2012 Mbogwe ya Geita imekuwa wilaya kamili, na anayeitafuta ile ndogo kwa jina tupu huletewa ile kubwa. Nata ya Nzega inafunikwa na Nata ya Serengeti. Isanzu ya Nzega inafunikwa na nchi ya Waisanzu mkoani Singida. Ndala ya Nzega, yenye misheni na hospitali ya siku nyingi, ina mwenzake katika manispaa ya Shinyanga, na Kitangili ziko Nzega, Shinyanga na Mwanza. Kata hugawanywa mara kwa mara chaguzi zinapokaribia, na kila mgawanyo hudai jina jipya. Halmashauri ikiketi siku hiyo na wazee, ikauliza mahali palitwaliwa na nani na palipakana na nani, itapata jina la pili la kutia ubavuni bila ya kulipia mtaalamu.

Lusu haina shida ya pacha. Shida yake ilikuwa kinyume chake. Mwishoni mwa miaka ya 1990 kampuni ya Australia, Resolute, ilifungua katika ardhi ya kata hiyo mgodi wa dhahabu, wa kwanza miongoni mwa migodi mikubwa ya zama hizi nchini, nao ukaitwa Golden Pride. Kwa muda wa miaka kumi na mitano hivi dhahabu ya Lusu ilitajwa katika masoko ya hisa kwa jina ambalo bibi wa Lusu hakuweza kulitamka, na ilipokwisha, shimo likabaki Lusu na jina likaondoka na kampuni. Hapo majina mawili yalikaa juu ya mahali pamoja, na ni moja tu lililoandikwa katika hesabu za faida. Mwenye kutafiti habari za mgodi huo leo, akiwa hakuambiwa kwamba Golden Pride na Lusu ni ardhi ile ile, atasoma kurasa nyingi za ripoti asikutane hata mara moja na mtu wa hapo.